Salvador kwa Miguu: Njia ya Wachukuzi

Waheshimiwa wenyeji wangu, ndugu zangu waongoza wageni wa Mji Mkongwe, asalaam aleikum.

Mada niliyopewa ni nzito kuisemea hapa: namna ya kuutembea mji wa kale bila mwongozaji. Nimeona wawili watatu wakitazamana. Tulieni, sikuja kuwatilia mchanga kitumbua chenu. Nazungumzia mji ulio mbali sana na hapa, Salvador, katika jimbo la Bahia nchini Brazili, ambako nilikaa kwa masomo. Mgeni akiutembea peke yake kwa karatasi ya ramani aliyopewa hotelini, atapelekwa kwenye dhahabu na vigae, atapiga picha, atarudi kulala. Hatajua mawe yale yalifikaje juu ya mlima. Mimi nawapa njia nyingine, na naifuata kwa swali hilohilo: nani alibeba?

Kwanza muujue mji ulivyokaa. Tomé de Sousa, gavana mkuu wa kwanza wa Brazili, alishuka pale tarehe 29 Machi 1549 akiwa na agizo la mfalme wa Ureno la kujenga mji wenye boma. Akauweka juu ya jabali linalotazama Ghuba ya Watakatifu Wote, na ukawa makao makuu ya koloni mpaka 1763. Gati na maghala vikabaki chini ufukweni. Serikali, maaskofu na matajiri wakakaa juu. Kati yao kuna ukuta wa mlima wa mita kama 70. Sukari, tumbaku, mapipa ya maji, piano, hata mabwana wenyewe katika viti vya machela, vyote vilipanda na kushuka juu ya kichwa au bega la mtu. Wareno hawa hatuna haja ya kutambulishwa kwao: ndio walioanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na merikebu zao za njia ya India zilikuwa zikitia nanga Salvador. Waafrika walioletwa Bahia kwa utumwa walizidi milioni moja.

Anzeni saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwenye uwanja wa Praça Municipal. Vaeni viatu vyenye kushika, maana mawe ya barabarani yamesuguliwa na miguu ya karne nyingi, na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Miezi ya Aprili hadi Julai chukueni mwavuli bila kuuliza.

Uwanjani hapo mtu wa kwanza anakimbilia lifti, na ana haki. Elevador Lacerda ilifunguliwa tarehe 8 Desemba 1873, mwaka uleule ambao soko la watumwa la hapa Zanzibar lilifungwa. Inashusha watu Mji wa Chini kwa muda wa nusu dakika hivi. Umbo lake la sasa, ule mnara mweupe ulionyooka, ni la ukarabati wa 1930. Lakini ilipoanza kazi, utumwa Brazili ulikuwa bado halali, na ulibaki halali mpaka 13 Mei 1888. Miaka karibu kumi na mitano lifti ilipanda na kushuka huku mtumwa naye akipanda mteremko wa pembeni na gunia kichwani.

Simameni ukingoni muitazame bandari, niwape habari ya watu hawa. Wachukuzi wa Salvador waliitwa ganhadores. Wengine walikuwa huru, wengine watumwa ambao bwana aliwaacha watafute kazi mjini, wamletee kiasi walichokubaliana na kinachozidi kiwe chao. Walikaa kwa makundi kwenye pembe za mitaa, kila kundi na mkubwa wake, wakisubiri mizigo huku wakisuka kofia za ukili au kutengeneza vikapu. Mwaka 1857 baraza la mji likatoa amri: kila mchukuzi ajiandikishe, alipe ada, na avae shingoni kibati cha chuma chenye namba. Mwezi Juni, wachukuzi wote wakaweka chini mizigo. Forodhani hakukutoka mzigo, kwenye maghala hakukuingia gunia. Mji ulisimama kwa zaidi ya wiki, wafanyabiashara wakapiga kelele, magazeti yakalalamika. Baraza likafuta ada, kibati kikabaki. Mgomo huo ni wa watu ambao wengi wao kisheria walikuwa mali ya mtu. Naupa heshima kubwa kuliko sanamu yoyote iliyopo uwanjani, na nadhani ni kosa kwamba mgeni anapewa habari za urefu wa lifti bila kuambiwa habari hiyo.

Sasa ipeni bahari mgongo. Mbele yenu kuna jengo refu jeupe lenye matao, ndilo baraza la mji, la karne ya 17. Zamani chini yake kulikuwa na jela. Januari 1835 ndani ya jela hiyo alikuwamo mzee mmoja, Pacífico Licutan, Mnagô, yaani Myoruba, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja tumbaku. Hakuwa na kosa lolote. Bwana wake alikuwa na deni kwa watawa wa Karmeli, hakulipa, basi mahakama ikamkamata Licutan kama inavyokamatwa samani, awekwe pale mpaka anadiwe. Waislamu wa mji, walioitwa Wamalê, walikuwa wamechanga fedha mara mbili kumkomboa mwalimu wao huyu. Bwana alikataa mara zote mbili. Alipokuwa ndani, watu walikuja kumtazama na kupiga magoti kuomba dua yake.

Ubavuni mwa jengo hilo panashuka mteremko unaoitwa Ladeira da Praça. Ni barabara ya kawaida, magari yanapita, maduka yamefunguliwa. Shukeni hatua chache, msimame kivulini. Katika nyumba moja ya mteremko huu, ghorofa ya chini, alipanga mzee aliyeitwa Manoel Calafate. Usiku wa kuamkia Jumapili, 25 Januari 1835, wanaume kadhaa walikusanyika mle kwa chakula. Kwa hesabu ya Hijria lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1250. Hapa sina haja ya kuwaeleza maana ya usiku kama ule.

Walipanga kutoka alfajiri, saa ambayo watumwa hutoka kuteka maji kwenye chemchemi za mji, na siku ambayo mabwana wengi wangekuwa mbali Bonfim kwenye sikukuu ya kanisa. Siri ikavuja. Wanawake wawili waliokwisha kupata uhuru wao, Sabina da Cruz na Guilhermina, walifikisha habari, na kabla ya saa iliyopangwa, doria ikaja kugonga nyumba kwa nyumba. Ilipofika kwa Calafate, mlango ukafunguka ghafla na wakatoka watu kama 60 na mapanga, wamevaa kanzu nyeupe, hirizi shingoni. Jambo la kwanza walilofanya ni kupanda mteremko huu mliosimama kwenda kumtoa Licutan. Hawakuweza. Askari wa jela walikuwa wakipiga risasi kutoka upande huu na walinzi wa ikulu ya gavana kutoka upande ule, na wao wako katikati ya uwanja mliotoka sasa hivi. Pimeni kwa macho upana wa uwanja, mtaelewa mambo yalivyokuwa.

Kutoka hapo vita vikaenda Terreiro de Jesus, vikashuka kusini mpaka Vitória, vikarudi. Wenzao waliokuwa hawajui kwamba saa imebadilika walitoka mitaani kidogo kidogo, na kwa jumla walioshiriki wanakadiriwa kuwa kama 600. Mwisho ulikuwa Água de Meninos, chini ufukweni, mbele ya kambi ya askari wa farasi. Wamalê takribani 70 waliuawa usiku ule; wengine walijitupa baharini wakazama. Baadaye kidogo nitawapitisha huko.

Kilichowatisha mno wakuu wa Bahia ni karatasi. Katika nyumba zilizopekuliwa na katika mifuko ya waliokufa walikuta maandishi ya Kiarabu: aya za Kurani, dua, na karatasi za wanafunzi, mtu anayejifunza herufi akirudia mstari uleule kama tulivyokuwa tukirudia sisi kwenye ubao chuoni. Mabwana wengi hawakujua kusoma. Watumwa wao walijua. Mahakama ikadhani kila karatasi ni barua ya njama, ikamleta mtumwa Mhausa aitwaye Albino azisome. Baadhi ya karatasi hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika Nyaraka za Serikali ya Bahia, mjini humohumo.

Nimekaa sana hapa, na nilikusudia. Ningekuwa na saa moja tu Salvador, ningeitumia yote kati ya jela na mteremko huu.

Pandeni tena, mfuate barabara ya upande wa kaskazini mpaka Praça da Sé. Kwenye ukingo mtaona msalaba mkubwa wa chuma uliovunjika na kuinama. Ni kazi ya mchongaji Mario Cravo Júnior, ya mwaka 1999, kukumbuka kanisa kuu la zamani lililosimama hapo kwa karne kadhaa mpaka likabomolewa mwaka 1933, ili tramu ipite. Tramu yenyewe haipo tena. Nyinyi mnaogombana na watu wa mipango miji kila mwaka mtaelewa uchungu wangu. Karibu na hapo yupo Zumbi, kiongozi wa Palmares, ile nchi ya watumwa watoro wa karne ya 17, amesimama na mkuki. Mpigieni saluti mwende.

Terreiro de Jesus ni uwanja mpana wenye makanisa kila upande. Kanisa kuu la sasa lilikuwa la Wajesuiti mpaka walipofukuzwa 1759. Pembeni yake ni chuo cha kwanza cha udaktari Brazili, cha 1808, na ndani yake kuna Makumbusho ya Afrika na Brazili, yaliyofunguliwa 1982. Ingieni huko kuliko kanisani. Kuna chumba chenye mbao 27 kubwa za mwerezi zilizochongwa na msanii Carybé, kila ubao orixá mmoja, mizimu na miungu ya Wayoruba iliyovuka bahari pamoja na watu wake. Sogeeni karibu na ubao: pale mtaona amepachika kauri, kule chuma, pengine kioo.

Kanisa la São Francisco mtalisikia kwa kila mtu, kwamba ndani kote ni dhahabu. Kweli, mbao zake zimechongwa majani, ndege na malaika, kisha zikafunikwa kwa dhahabu karibu pote, na konventi yake, yaani nyumba ya watawa, ina ua wa vigae vya buluu kutoka Ureno. Februari 2025 sehemu ya dari yake iliporomoka ikamuua mgeni aliyekuwa akitazama, kanisa likafungwa. Ulizeni kwanza. Hata likiwa limefungwa, jirani yake wa mlango wa pili, kanisa la Udugu wa Tatu wa Mtakatifu Francis, lina ukuta wa mbele wa mawe yaliyochongwa mwanzoni mwa karne ya 18. Kwa miaka mingi ukuta huo ulifunikwa kwa plasta, hakuna aliyekumbuka kuna nini chini, mpaka karne ya 20 ulipobanduliwa. Unatazamwa bure ukiwa barabarani.

Hapa njaa itakuwa imeanza. Tafuteni mwanamke wa nguo nyeupe na kilemba, mbele yake karai la mafuta mekundu. Anauza acarajé: kunde zilizolowekwa, zikamenywa maganda, zikasagwa na kitunguu, zikapigwa kwa mwiko mpaka zikaumuka, halafu zikakaangwa kwenye mawese. Bagia za kunde mnazijua, basi hii ni bagia ya ukubwa wa ngumi, inapasuliwa katikati na kujazwa kamba wakavu, bamia na rojo la mkate na karanga. Mama atakuuliza, ya moto au ya baridi? Hajaulizia joto, anaulizia pilipili. Anayejiona shujaa aseme ya moto, mimi simzuii. Tangu utumwani kazi hii ilikuwa njia ya wanawake kupata senti za kujikomboa na kukomboa watoto wao, na leo serikali ya Brazili imeiandikisha kuwa urithi wa taifa.

Mtu akija na utepe wa rangi wa Bonfim akataka kukufunga mkononi, akisema ni zawadi, mjue bei inakuja baada ya fundo. Nanyi hilo mnalifahamu, hata kama hapa hatufungi utepe.

Mtaa unashuka mpaka Largo do Pelourinho, uwanja wenye mteremko mkali na nyumba za rangi zote. Jina lake linatokana na nguzo ya kuchapia watu viboko hadharani. Wakiutazama katika picha, watu hudhani umekuwa hivyo siku zote. Mtaa huu ulikuwa umeanguka kabisa, matajiri wakauhama, maskini wakauishi kwa vizazi. UNESCO ikauandikisha 1985, na kuanzia 1992 serikali ya jimbo ikaukarabati, ikapaka rangi, ikawahamisha wakazi wengi na kuweka mikahawa na maduka ya vinyago. Mji Mkongwe wenu uliandikishwa mwaka 2000. Sitasema zaidi, mmenielewa.

Katikati ya mteremko kuna kanisa la buluu, Nossa Senhora do Rosário dos Pretos, Bibi Yetu wa Rozari wa Weusi. Hili ndilo kanisa langu katika mji ule wote, kama Mwislamu anaruhusiwa kuwa na kanisa. Udugu wa watu weusi, watumwa na walio huru, ulianza kulijenga mwanzoni mwa karne ya 18, na kwa sababu mchana walikuwa wa bwana, walijenga saa zao wenyewe, usiku na sikukuu. Ikawachukua karibu miaka mia. Udugu huo ulizika wanachama wake, ulichangia kukomboa wengine, na bado upo. Nyuma ya kanisa kuna makaburi yao ya zamani. Jumanne jioni misa husaliwa kwa ngoma, na hapo msikae na kamera usoni.

Pandeni sasa Ladeira do Carmo mpaka konventi ya Karmeli. Wenyewe husema kwa fahari kwamba Waholanzi walioteka mji mwaka 1624 walitia sahihi kusalimu amri hapa mwaka 1625. Sawa. Mimi nikifika mlangoni namkumbuka Licutan, maana watawa waliokuwa wakimdai bwana wake ndio hawa. Mbele zaidi, mtaa wa Santo Antônio ni wa watu wanaoishi kweli, wana nguo dirishani na redio, na mwisho wake kuna ngome ambayo miaka mingi ilikuwa gereza, leo ina shule za capoeira, mchezo wa mapigano unaochezwa kwa muziki. Mkisikia berimbau, upinde wa uzi mmoja unaopigiwa mchezo huo, ingieni mkae ukutani.

Kurudi Mji wa Chini kuna gari la reli linalovutwa kwa kamba ya chuma, likiwa linafanya kazi siku hiyo. Kama halifanyi, rudini kwenye lifti. Msishuke kwa miguu miteremko ya kati ya juu na chini, hasa jioni. Wenyeji nao hawashuki.

Chini, mbele ya lifti, ni Mercado Modelo, soko la vinyago na vinanda. Jengo lilikuwa forodha, lilikamilika 1861, likaungua vibaya 1984 likajengwa upya. Lina chumba cha chini ya ardhi chenye matao, ambacho maji ya bahari huingia, na wageni wengi wameambiwa kwamba watumwa waliotoka melini walifungwa humo. Hesabuni wenyewe: Brazili ilipiga marufuku kuingiza watumwa mwaka 1850, jengo ni la 1861. Hadithi inasimuliwa vizuri lakini tarehe hazikubali. Nalisema hili kwenu makusudi, kwa sababu na sisi tuna vyumba vyetu pale Mkunazini, na wapo wanahistoria wanaosema ni vya jengo la wamisheni lililojengwa baada ya soko kufungwa. Machozi ya mgeni hayahitaji chumba cha uongo. Pale Mkunazini soko lilikuwapo kweli, na pale Bahia gati lilikuwapo kweli, mwonyesheni hayo.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la Conceição da Praia, ambalo mawe yake yalichongwa Ureno, yakatiwa namba, yakaletwa na meli na kupangwa upya. Swali letu la nani alibeba lina jibu hapo, kutoka ufukweni mpaka mnarani.

Kisha chukueni teksi, si mbali, mwende Água de Meninos na soko la São Joaquim. Vita vya 1835 viliishia ufukwe huu. Sokoni kuna mawese kwenye chupa, kamba wakavu kwa magunia, mitishamba, vyungu, mbuzi. Wachukuzi wapo mpaka leo, wanasukuma mikokoteni na kupiga kelele mpishe.

Kipo kituo kimoja ambacho huwa nakiacha kwa siku ya pili, au kwa mwenye miguu ya chuma: Campo da Pólvora, kule juu, upande wa pili wa bonde. Leo pana jumba la mahakama na kituo cha metro chenye jina hilohilo. Licutan alihukumiwa viboko vilivyohesabiwa kwa mamia, akachapwa kwa mafungu siku baada ya siku. Mamia ya wengine walirudishwa Afrika kwa meli. Wanne walihukumiwa kunyongwa, na tarehe 14 Mei 1835 waliletwa Campo da Pólvora. Majina yao ni Jorge da Cruz Barbosa, Pedro, Gonçalo na Joaquim. Vitanzi vilikuwa tayari. Serikali ilitafuta mnyongaji, ikaahidi malipo, ikaenda mpaka kwa wafungwa wa jela. Hakupatikana hata mmoja aliyekubali. Ikabidi wapigwe risasi na askari.

Ukimaliza hapo una metro ya kukurudisha, huhitaji teksi. Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mkono umeshanyooshwa kule nyuma, karibu uulize.